Kimya Huuzwa kwa Mita

Kwanza hugonga. Kwa kifundo cha kidole,
mlango, dari, sakafu,
kama tabibu agongavyo kifua cha mkohozi.
Bati likijibu ngwaa, liko uchi.
Likijibu dup, kuna aliyelivika kabla yangu.
Volga ya Varuzhan, ya mwaka sitini na saba,
ilijibu ngwaa kila mahali
ila chini ya kiti cha nyuma,
nilikokuta kipande cha koti la jeshi,
kimelowa, kimeoza, na chini yake kutu
imelila bati hadi nikaiona sakafu ya gereji.

"Nataka kimya, Heghine," akasema.
"Miaka thelathini naendesha ngoma."

Nikamtandazia mezani.

Hii ni lami ya mapaa. Bei ya kutupa.
Sokoni watakuapia ni ile ile.
Januari, Gyumri ikiganda, itapasuka kama mkate mkavu;
Julai, mkishuka bonde la Ararat, itanuka
hadi mkeo aombe ateremke atembee.

Hii ni mpira wenye ngozi ya alumini.
Usidanganyike na mng'aro, joto hailiwezi.
Kazi yake ni kulishika bati lisitetemeke,
kama kiganja juu ya goti la mtoto kanisani.
Wala haitakiwi kufunika kote:
robo tu, katikati, panapolia zaidi.

Sponji hii nyeusi haina kiu ya maji.
Ya joto ndiyo hii: ukuta wa injini,
handaki la giaboksi, pale mguu wako wa kulia unapoivia.

Na hii sufu, ya kondoo wa huku huku Shirak.
Hufyonza sauti kuliko zote.
Hufyonza na maji. Lile koti la jeshi lilikuwa sufu.

Akazipapasa, akazinusa moja moja
kama anunuaye samaki.
"Zote," akasema. "Tabaka juu ya tabaka."

Alhamisi akaja Shoghik, peke yake,
na gata ya moto ndani ya kitambaa.
Viti nilishaving'oa. Akaketi juu ya ndoo ya rangi,
akafunga mlango, akakaa humo kitambo.
Kisha, kupitia kioo: "Usiizibe sana."

Nikadhani ni pesa.

"Si pesa. Tangu Hrant aende Krasnodar
kila Jumapili tunapanda gari hili,
na injini inaongea badala yetu.
Yeye ananiuliza kwa nini mtoto hapigi simu.
Mimi najifanya sikusikia.
Likinyamaza, nitajifanya nini?"

Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga,
ila wao hawakuwahi kukipima kwa mita
na kukikata kwa kisu cha zulia.
Na mganga hajigangi: kwangu kuta ni nene,
na hakuna wa kuniuliza kitu.
Nikala gata yake. Sikumwahidi neno.

Ukuta wa injini nikautandika mara mbili.
Handaki, sponji hadi kwenye shina la gia.
Milango, robo, nikiisukuma kwa rola
mpaka mkono ukafa ganzi.
Sufu nikairudisha rafuni.
Dari, nikasimama nayo siku nzima.
Mwisho nikaivika kitambaa tu,
bati juu yake uchi kama lilivyozaliwa.
Mvua ya mawe ikishuka
watapata cha kusingizia.

Jumapili wakaja kulichukua.
Varuzhan akawasha, akafunga kioo,
akanionyesha kidole gumba kama kijana.
Mimi nje niliusikia muungurumo ule ule wa jana.
Wakasimama kwenye taa, mbele ya duka la mikate.
Nikaona uso wa Varuzhan ukigeuka.
Nikaona mdomo wa Shoghik ukianza, ukisita, ukianza tena,
na taa ikawa kijani, na gari halikuondoka.

Sikusikia hata silabi. Nilifunga vizuri.

Nikaangalia juu.
Hata wingu.